Kwa nini nyoka aliyekamatwa shambani kwangu ameachiwa palepale?

SWALI

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijijini wilaya ya Muheza, chini ya milima ya Usambara. Tuna michungwa, mahindi na mbuzi wachache. Mwezi uliopita walikuja vijana wa chuo na mwalimu wao kufanya utafiti wa nyoka. Walikamata kifutu mkubwa kwenye nyasi chini ya michungwa yetu, wakaondoka naye, kisha baada ya siku mbili wakamrudisha na kumwachia palepale. Wanasema wamemwekea redio tumboni ili wajue anakokwenda. Ni kama hatua mia mbili kutoka jikoni kwangu. Jirani yetu alikatwa mguu kwa sababu ya kifutu. Mume wangu anasema akimwona tena atamuua. Mama mkwe anasema tukimuua mwenzake atakuja kulipiza, na kwamba hiyo redio inaita wengine. Kwa nini wasingemuua, au basi wampeleke msituni Amani? Je, nimwage mafuta ya taa kuzunguka nyumba? Nimenunua jiwe la nyoka, linasaidia? Na tuna haki ya kuwakataa hawa watu?"

JIBU

Dada yangu, pole kwa wasiwasi, na naomba unifikishie pole kwa jirani yako. Woga wako una sababu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu, wakiwemo waliokatwa mkono au mguu, ni karibu mara tatu ya hao. Wengi wao ni watu wa maisha kama yako: wakulima, wachungaji, watoto waliotumwa kuni au maji. Mtu anayekaa mjini akakwambia nyoka hana neno ukimwacha, hajui maana ya kuamka saa kumi usiku na kwenda chooni nje bila taa. Kwa hiyo sitakujibu kwa kukuambia uache kuogopa. Nitakueleza kifutu anaishije, kwa sababu humo ndimo ulinzi wa watoto wako ulimo.

Nianze na walichokifanya hao vijana. Nyoka akikamatwa kwa utafiti, huongozwa kwa fimbo yenye ndoano aingie kwenye bomba la plastiki linaloonyesha ndani. Kichwa na sehemu ya mbele ya mwili vikishaingia, mtafiti humshika mwili pamoja na mdomo wa bomba kwa mkono mmoja. Hapo hawezi kugeuka wala kuuma. Hupimwa urefu na uzito, huangaliwa kama ni dume au jike, na huwekewa chini ya ngozi kibati cha namba kisichozidi punje ya mchele ili akikamatwa tena ajulikane ni yuleyule. Yule wa kufuatiliwa hupewa dawa ya usingizi, hupasuliwa kidogo ubavuni, huwekewa redio ndogo ya uzito wa gramu kumi hivi na kushonwa. Kanuni wanayoifuata watafiti wengi ni kwamba kifaa kisizidi asilimia 5 ya uzito wa mnyama. Zile siku mbili zilikuwa za kungojea dawa imtoke na kidonda kitulie.

Redio hiyo haiiti nyoka yeyote. Nyoka husikia mitetemo ya ardhi kupitia mifupa ya taya, na sauti nzito kiasi, lakini hana kiungo cha kupokea mawimbi ya redio, kama wewe na mimi tusivyokuwa nacho. Anayeyapokea ni yule kijana anayetembea na antena mkononi. Na hapa naomba ulitafakari jambo moja. Katika shamba lako, huyo ndiye kifutu pekee ambaye kuna mtu anayejua yuko wapi leo asubuhi. Wengine wapo, na walikuwepo kabla chuo hakijafika, ila hakuna anayekwenda kuwaangalia.

Kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, ni nyoka wa kuvizia. Hazunguki kutafuta chakula kama koboko. Huchagua mahali kando ya kijia cha panya, hujikunja shingo ikiwa tayari, majani makavu yakimfunika nusu, halafu hungoja. Anaweza kukaa palepale siku nyingi, pengine wiki. Afrika Kusini, katika hifadhi ya Dinokeng kaskazini ya Pretoria, Xavier Glaudas na Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand waliwafuatilia vifutu kwa redio za namna hii, wakaweka kamera mbele yao mahali walipolala. Mwaka 2017 walichapisha jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelirekodi porini kwa nyoka huyu: kifutu humtega chura kwa ulimi. Huutoa na kuuacha nje muda mrefu, akiuchezesha polepole kama mdudu anayetambaa, chura akisogea kuula amekwisha. Mkia nao huutumia hivyohivyo.

Mwaka 2015 watafiti wa chuo hichohicho, akiwemo Ashadee Kay Miller, walionyesha jambo linalokuhusu moja kwa moja kama unafuga mbwa. Walitumia mbwa waliofundishwa kunusa, na wanyama wadogo jamii ya nguchiro ambao hutegemea pua kuliko macho. Walishindwa kumtambua kifutu kwa harufu. Gamba alilolivua walilinusa vizuri, mwenyewe hapana. Wakati wa kuvizia harufu yake inakuwa hafifu kiasi kwamba adui anapita karibu asijue. Sasa ukiunganisha mambo hayo mawili, kwamba hasogei na hanuki, unaelewa kwa nini kifutu anauma watu wengi kuliko nyoka wakali wanaoogopwa zaidi. Kinga yake ni kutoonekana. Koboko akihisi miguu yako huondoka kabla hujafika. Kifutu hutulia, akitumaini utapita. Mara nyingi hata kule kufoka kwake hukusikii mpaka mguu umeshamkanyaga au mkono umeshamgusa, na hapo huuma kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Kwa hiyo usimtegemee mbwa kukulinda na kifutu, na usidhani kimya cha nyasi maana yake hakuna kitu.

Sasa swali lako kubwa: kwa nini hawakumpeleka Amani. Wazo hilo linatoka kwenye roho nzuri, ya mtu asiyetaka kuua wala kuumwa, lakini lina kasoro mbili. Ya kwanza, msitu wa Amani si kwao. Kifutu ni nyoka wa nyika, vichaka na mashamba. Katika misitu minene ya mvua haishi. Nyoka wenyeji wa msitu ule ni wengine, akiwemo kipiri mdogo wa mitini mwenye magamba yaliyosimama juu ya macho kama vijipembe. Huyo, kwa jina la kisayansi Atheris ceratophora, anapatikana Tanzania peke yake, katika misitu ya milima kama Usambara, Uluguru na Udzungwa.

Kasoro ya pili ndiyo nzito zaidi. Nyoka mzima anaijua ardhi yake: shimo la kujificha jua kali, mahali panya wanapopita, pa kulala wakati wa baridi. Ukimbeba ukamwaga mahali pageni, anatangatanga kuitafuta. Jimbo la Pennsylvania huko Marekani, Howard Reinert na Robert Rupert waliwawekea redio nyoka wenye sumu waliohamishwa, pamoja na nyoka wenyeji wa mahali palepale, wakalinganisha. Matokeo yao ya mwaka 1999 yanasikitisha: waliohamishwa walitembea mbali zaidi kila siku, na zaidi ya nusu yao walikufa, ilhali kwa wenyeji alikufa mmoja hivi kati ya kila tisa. Nyoka anayetangatanga anavuka barabara na nyua za watu, yaani anakutana na watu wengi zaidi. Hatari uliyoitoa kwako umempelekea mama mwingine, tena amepewa nyoka asiyejua pa kujificha.

Ipo njia ya katikati ambayo unaweza kuwaomba, nayo ni kumsogeza mita mia chache tu, abaki ndani ya eneo analolijua lakini upande wa mbali na nyumba. Haimvurugi sana. Nisikudanganye lakini, anaweza kurudi, hasa kama kwako kuna kinachomvuta.

Mume wako anataka kumuua, nami simlaumu. Mtu aliyeona mguu wa jirani ukiondoka hawezi kufikiri vinginevyo. Ila apime hili. Kumwendea nyoka mwenye sumu na panga au fimbo ni kuukaribia ule mdomo kwa hiari, na watu wengi huumwa katika jaribio hilohilo. Halafu akifanikiwa, kinachobaki ni nyasi zilezile, panya walewale na kivuli kilekile, na nyoka wengine wana miguu, kwa namna yao, ya kufika hapo. Jike mmoja wa kifutu kwa kawaida huzaa watoto 20 hadi 40 kwa mkupuo, na kuna mmoja mwenye asili ya Kenya, aliyefugwa katika bustani ya wanyama huko Ucheki, aliyezaa 156. Watoto hao huzaliwa wakiwa hai na sumu wanayo. Si kweli kwamba hupasua tumbo la mama yao kutoka. Wengi wao huliwa na ndege, nguchiro na nyoka wengine. Wanaokua ni wale waliopata mahali penye chakula na maficho.

Mama mkwe wako ameona kitu cha kweli, tafsiri tu ndiyo tofauti. Ni kweli ukiua nyoka unaweza kumkuta mwingine palepale baada ya siku chache. Nyoka hana ubongo wa kuweka kisasi wala hamjui mwenzake kama mume na mke. Lakini majira ya kupandana, jike huacha harufu ardhini, na madume huifuata kwa ulimi kutoka mbali. Malindi jike mmoja wa kifutu alikutwa akifuatwa na madume saba. Ukimuua jike mwenye harufu hiyo, ukamburuta uani, umewachorea madume njia mpaka mlangoni. Kwa hiyo kama ikitokea nyoka ameuawa, azikwe mbali na nyumba, asitundikwe wala kuburutwa.

Tuje kwenye kinachowaleta. Nyoka hafuati watu, anafuata chakula. Kwako kuna mahindi, na penye mahindi kuna panya shamba. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro wamewachunguza panya hao kwa miongo, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba hutupotezea takribani asilimia 15 ya mahindi kila mwaka Tanzania. Mvua ikinyesha vizuri wanafumuka. Jirani zako wa Lushoto wanakumbuka tauni iliyoanza mwaka 1980 na kuendelea zaidi ya miaka 20, wakaugua zaidi ya watu 7,000. Nayo ilisambazwa na viroboto wa panya. Kifutu ni adui wa panya hao. Utafiti wa Chuo Kikuu kilekile cha Witwatersrand ulionyesha kwamba panya wakiwa wengi, vifutu huweza kuongeza ulaji wao mara kumi na mbili, na wengine walimeza hadi panya kumi katika mlo mmoja. Sikuambii hili ili umpende. Nakuambia ujue kwamba shambani kule mbali anakufanyia kazi, na kwamba kama anakuja mpaka jikoni, panya wamemtangulia.

Basi fanya kazi kwenye ua. Mahindi yakae kwenye kihenge kilichoinuliwa au mapipa yenye vifuniko, makapi yasimwagwe karibu. Rundo la kuni liwe juu ya vichanja, mbali na ukuta. Banda la kuku nalo liangaliwe, kwa sababu swila hupenda mayai na vifaranga. Maji yanayosimama karibu na nyumba huleta vyura, na vyura huleta nyoka. Fyeka nyasi kuanzia ukutani kwenda nje, usianzie nje kuja ndani, maana unachokifukuza kitaelekea upande uliobaki na majani. Kwa sababu hiyohiyo sipendi watu wachome nyasi kuzunguka makazi.

Kwenye michungwa ndiko nina wasiwasi zaidi. Chungwa likianguka kwenye nyasi ndefu, mtoto hupeleka mkono bila kuangalia. Mfundishe avute tunda kwa fimbo ndefu au reki kwanza, na wakati wa kuvuna kila mtu avae mabuti ya mpira. Nyasi chini ya miti zikatwe fupi kabla hamjaanza kuchuma, siyo siku hiyohiyo. Jioni jua likizama kifutu hutoka na kulala kwenye njia zilizobaki na joto, basi tochi isikosekane, hata kwa hatua kumi za kwenda chooni. Usiku walaze watoto kitandani ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro pande zote. Swila ana tabia ya kuingia ndani kufuata panya na kuwauma watu waliolala chini kwenye mkeka. Utafiti uliofanyika Nepal na kuchapishwa mwaka 2007 uliona kwamba wanaolala ndani ya chandarua waliumwa na nyoka kidogo kuliko wasionacho. Cha mbu kinatosha kabisa.

Mafuta ya taa acha. Mafuta ya taa, oili chafu, kuchoma tairi, kitunguu saumu, unga wa kiberiti, hakuna hata kimoja kilichothibitika kumzuia nyoka, na vingine vitakudhuru wewe na udongo wako. Fedha hiyo nunua tochi na mabuti.

Jiwe la nyoka linahitaji maelezo kwa sababu watu wenye heshima zao hulisifia. Kwa kawaida ni kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichochomwa mpaka kikawa cheusi. Kina vitundu, ndiyo maana hunata kwenye kidonda chenye damu na kuonekana kinanyonya. Lakini meno ya kifutu ni marefu, sumu inafika ndani ya nyama na kusambaa. Hakuna jiwe linaloifuata huko. Yalipopimwa kwa wanyama maabara hayakupunguza makali ya sumu. Kwa nini basi watu hupona? Kwa sababu wengi huumwa na nyoka wasio na sumu, na hata nyoka mwenye sumu wakati mwingine huuma bila kuimwaga. Jiwe linapewa sifa ambayo si yake. Ubaya wake hasa ni zile saa mnazokaa mkilisubiri lifanye kazi. Hilo ulilonunua, mama, liweke mbali na mikono ya mtu yeyote atakayeumwa.

Mtu akiumwa, muondoe nyoka alipo, asikimbie, akae au alale. Vua pete, bangili, saa na kiatu kabla ya kuvimba. Kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye ubao au fimbo kisichezecheze, bila kukaza. Usichanje, usinyonye, usimwagie petroli, usifunge kamba. Kamba huibakiza sumu ya kifutu mahali pamoja na kuizuia damu. Hapo unaongeza uwezekano wa kupoteza kiungo chenyewe. Kisha hospitali mara moja, hata kwa bodaboda, mgonjwa akiwa katikati na mtu nyuma wa kumshika. Akianza kutapika au kusinzia, alazwe ubavu. Swila akitema machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika kama 20 bila kusugua, halafu nenda hospitali pia. Kwa koboko kila dakika ina thamani, kwa sababu sumu yake hulegeza misuli ya kupumulia na inaweza kuua ndani ya saa chache. Ya kifutu huenda polepole: uvimbe unaopanda, malengelenge, nyama kufa. Upole huo huwadanganya watu wakangoja mpaka kesho, na mguu unaokolewa leo.

Hakuna haja ya kumbeba nyoka kwenda naye. Daktari hutibu dalili. Akishuku damu haigandi, huchukua kidogo kwenye kichupa safi kikavu cha kioo, huiacha dakika 20 bila kuigusa, kisha hukiinamisha. Damu ikitiririka kama maji, amepata jibu hata pasipo maabara kubwa. Dawa yenyewe ni antivenomu, na lazima iwe iliyotengenezwa kwa sumu za nyoka wa Afrika. Mtoto hupewa kiasi kilekile cha mtu mzima, kwa kuwa sumu aliyodungwa haikupunguzwa kwa udogo wake. Ukiona mwanao anapewa dozi kubwa usishtuke.

Hapa ndipo kazi ya hao vijana inakuhusu tena. Dawa moja iliyotegemewa sana Afrika, Fav-Afrique, iliacha kutengenezwa mwaka 2014, na chupa za mwisho zikaisha muda wake mwaka 2016. Mwaka 2017 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa yanayopewa kipaumbele, na lengo lililowekwa ni kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Kutengeneza dawa nzuri kunahitaji kujua nyoka gani yuko wapi, na sumu yake ikoje mahali hapo, maana sumu ya aina moja hutofautiana kati ya eneo na eneo. Na bado hatujawajua wote. Swila mkubwa kuliko wote wanaotema sumu, anayeishi pwani ya Kenya, alipewa jina lake mwaka 2007 tu: Naja ashei, kwa heshima ya James Ashe aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken pale Watamu. Kabla ya hapo alihesabiwa kuwa rangi nyingine ya swila wa kawaida, ilhali alikuwa akiuma watu na kuingia mabanda ya kuku miaka yote.

Kuhusu uhifadhi nitakuwa mkweli kwako. Kifutu hayuko karibu kutoweka. Ni mmoja wa nyoka walioenea sana barani. Usikubali mtu akuambie kwamba ukimgusa mmoja dunia itaharibika. Lakini nyoka kwa ujumla wanapungua. Mwaka 2010 watafiti waliokusanya kumbukumbu za makundi 17 ya nyoka kutoka Ulaya, Nigeria na Australia waliona 11 yameporomoka. Mwaka 2022 tathmini ya reptilia wote duniani ilionyesha kwamba karibu mmoja kati ya kila aina tano yuko hatarini. Hapa kwetu wanaoniumiza moyo ni wale wa misitu midogo ya milimani. Kipiri wa Matilda, aliyetangazwa mwaka 2011 kutoka kusini mwa nchi, ana makazi madogo kiasi kwamba waliomgundua walikataa kuchapisha mahali alipo, wakihofia wafanyabiashara wa wanyama wasije kummaliza. Bila watu wa kutembea mashambani na msituni kuhesabu, tutajua wametoweka baada ya kutoweka.

Lakini umuhimu wa kazi yao hauwapi ruhusa ya kukufanya uishi kwa hofu. Ndiyo, una haki. Mtafiti anatakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, na kwa wanyamapori anapitia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, yaani TAWIRI. Kisha huja na barua ya utambulisho kutoka halmashauri hadi kwa mtendaji wa kijiji. Omba kuiona. Kibali hicho si ruhusa ya kuingia shambani kwako bila ridhaa yako. Unaweza kukataa, au kukubali kwa masharti. Ningekuwa wewe ningekubali kwa masharti. Wakupe namba ya simu ya mtu aliye karibu. Wakuambie kila wiki huyo kifutu yuko upande gani, na siku hiyohiyo wakikuta amesogea kuelekea nyumba. Wakukubalie wazi kwamba akivuka mpaka mtakaouweka, labda ule mti wa mwisho kabla ya ua, watakuja kumwondoa. Wafundishe watoto shuleni namna ya kumtambua na kusimama wanapomwona. Mtafiti mzuri hatakasirika kwa masharti hayo. Akikasirika, mpeleke suala hilo kwa mtendaji.

Wiki hii pia piga simu au fika Hospitali Teule ya Muheza, na Bombo kule Tanga, uulize kama antivenomu ipo sasa hivi na usiku wanaitoa mpaka saa ngapi. Andika jibu ukutani pamoja na namba ya dereva wa bodaboda anayeamka. Na ukikuta koboko darini, au swila amejificha chumbani wanakolala watoto, haya ya shambani hayahusiki tena: toa watu wote, funga mlango, ziba chini yake kwa nguo, mtu mmoja abaki mbali akiangalia ametokea wapi, na mwite afisa wanyamapori wa wilaya au hao hao watafiti wenye fimbo na bomba. Msiingie kumtafuta gizani.